Usiamini namba ya siku ya kwanza, iwe ya jeshi ama ya adui

Juzi nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja wa upande wa Webuye, bwanake yuko Somalia, na swali lake lilikuwa moja tu, "Mimi niamini nani, jeshi ama WhatsApp?" Nilimjibu hapo hapo lakini najua wako wengi wenye hilo swali kwa roho, kwa hivyo leo naandika yote mahali pamoja. Na najua wewe unayesoma unataka kile nataka mimi, kujua mambo ya nchi yako bila kudanganywa na serikali na pia bila kudanganywa na adui.

Mimi naishi Lanet hapa Nakuru. Ukiishi Lanet unaishi na jeshi, wake wa masoja tuko nao kwa chama cha akina mama, watoto wao wanasoma na wetu. Na nyumbani kwetu Chavakali ni boma chache sana utakosa mtu amewahi kuvaa hizo nguo. Mtoto wa senje yangu, yaani shangazi, alikuwa Somalia na jeshi Januari 2016, na ndio maana hii maneno siongei kama mtu wa kusoma tu gazeti.

Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, kambi ya wanajeshi wetu wa Kenya ya El Adde, kule Somalia, ikavamiwa. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema kambi iliyoshambuliwa ni ya wanajeshi wa Somalia walio jirani na wetu, na kwamba vijana wetu wamejibu mashambulizi, na waliokufa pande zote hawajajulikana ni wangapi. Al-Shabaab nao wakatangaza wameua zaidi ya 100. Sisi hatukujua hata kijana wetu yuko kambi gani, kwa sababu huwa hawasemi, akipiga anauliza kama mvua imenyesha na kama ng'ombe imezaa, basi. Simu yake ikawa mteja, haipatikani.

Kufika jioni kwa senje kumejaa watu. Wamama wameweka sufuria kwa moto, wazee wamekaa chini ya mwembe wanaongea pole pole, na senje mwenyewe hataki hata maji. Grupu ya familia nayo ilikuwa inawaka, kila dakika picha, kila dakika voisi ya mtu anayejua mtu anayejua mtu. Mmoja wetu akatuma picha ya maiti akasema huyu ni yeye, angalieni mdomo, na watu wakaanza kulia kwa simu. Mimi nikavuta ile picha nikaikuza, nikaiangalia sehemu moja moja, nikaona kovu refu kwa paji la uso. Kijana wetu nimemlea, hana kovu hapo. Nikaandika kwa grupu, "Sio yeye, na mtu asitume picha ingine hapa."

Kesho yake akaja jamaa mmoja, msafi, ameshika faili, akasema ana orodha ya majina kutoka ndani na anataka elfu tano ndio atafute jina letu. Wajomba walikuwa wameshaanza kuchanga! Nikamuuliza tu, kijana wetu ni wa batalioni gani, na orodha yako ni ya batalioni gani? Akaanza kuzunguka na maneno, akaondoka na pikipiki ileile alikuja nayo. Na hapo kwa namba ya ofisi ya jeshi tuliyokuwa tumepewa, mwanaume mmoja alinijibu "mtajulishwa" akakata, sikuwa nimemaliza hata kutaja jina. Hadi leo nikikumbuka hiyo simu roho inanichafuka. Sikuwa nimeuliza siri ya vita, nilikuwa nauliza kama mtoto wa mtu yuko hai.

Wazee wakataka tuanze mipango ya matanga. Nikasimama mbele yao, na mimi ni mtoto wa kike, nikasema hakuna matanga bila mwili na bila mtu wa jeshi kuja hapa kwa boma na miguu yake. Walininyamazia lakini walikubali. Kijana alikuja kupiga simu baadaye, alikuwa kambi ingine kabisa. Lakini mama mmoja wa chama chetu hapa Lanet yeye gari la jeshi lilimfikia na habari ya kifo. Na wako familia walingoja zaidi ya hapo, kwa sababu miili mingine ilibidi itambuliwe kwa DNA.

Sasa sikia kitu kilinifungua macho. Wiki hiyo hiyo mkuu wa majeshi wakati huo, Jenerali Samson Mwathethe, aliambia wananchi kwamba bomu lililotumiwa El Adde lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka wa 1998. Kumaanisha bomu la adui liliweza kupimwa, lakini watu wetu wenyewe hesabu yao haikutoka. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, akaja kusema ni kati ya 180 na 200, Kenya ikakataa. CNN ikachunguza ikapata 141. Mwandishi wa habari Yassin Juma akakamatwa kwa sababu ya posti zake kuhusu hiyo kambi, kwa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, na Aprili mwaka huo huo Mahakama Kuu ikakitupa hicho kifungu kwa kesi ingine kabisa, ikasema hakiendani na Katiba.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: namba ya siku ya kwanza usiiamini, iwe ya nani. Angalia Kulbiyow, kambi yetu ingine kule Somalia iliyovamiwa Januari 2017, jeshi lilisema tumepoteza 9, Al-Shabaab wakasema wameua zaidi ya 50. Angalia Manda Bay kule Lamu, kambi yenye wanajeshi wetu na Wamarekani, iliyovamiwa tarehe 5 Januari 2020. Jeshi letu lilisema jaribio la kuingia limezimwa, magaidi wakasema wameua Wamarekani 17, na ukweli ulipotoka ni Wamarekani 3 ndio walikufa. Ukiangalia hapo hakuna upande ulisema ukweli wote, mmoja alipunguza mwingine akaongeza, na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Ya pili, soma kile taarifa imeruka. Ikisema "hali imedhibitiwa" na haisemi kambi iko mikononi mwa nani, ujue hapo ndio kuna maneno. Kutaja maadui waliouawa na kukosa kutaja wetu, hapo pia. Mimi nimezoea hivyo, nachukua skrinshoti ya taarifa ya kwanza, naweka, halafu nalinganisha na ile inatoka wiki inayofuata, na nakuambia utajifunza mengi kuliko kukaa kwa grupu.

Na picha, hata ikitoka kwa akaunti rasmi, ngoja. Januari 2012, wakati wa Linda Nchi, ile operesheni ya jeshi letu kuingia Somalia, msemaji wa jeshi Meja Emmanuel Chirchir aliweka Twitter picha akasema ni Mkenya ameuawa kwa mawe na Al-Shabaab, kumbe ni picha za 2009 za Msomali. Na sio sisi peke yetu. Urusi ilipopoteza meli yake ya vita Moskva Aprili 2022 ilisema ni moto na dhoruba, wakati Ukraine ilisema ni makombora yake. Ukraine nayo ilikuwa imetangaza walinzi wake wa kisiwa cha Snake wamekufa wote, halafu ikajulikana wako hai, wametekwa.

Usinielewe vibaya, simwambii mtu achukie jeshi letu. Mtu akikuambia jeshi linadanganya kwa hivyo amini video ya Al-Shabaab, huyo anakutoa kwa moto anakuweka kwa mafuta. Hiyo video imetengenezwa ndio mama yako alie. Usiifowadi, hata kwa mtu mmoja. Jeshi lina haki ya kuficha linaenda wapi na kesho litapiga nini, hiyo hata mimi sitaki kuijua. Lakini waliokufa wameshakufa, adui anawajua kwa sababu alikuwa pale, sasa anayefichwa ni nani kama sio mwananchi? Kati ya wale Wamarekani watatu wa Manda Bay, yule aliyekuwa mwanajeshi, jina lake lilitangazwa na serikali yao siku iliyofuata. Wa El Adde, mpaka saa hii ninapoandika, serikali yetu haijawahi kutoa hesabu rasmi hadharani.

Watu wetu, tuache kubishana kwa grupu tuulize wale tunaowalipa. Katiba yetu kifungu cha 240 inasema Baraza la Usalama la Taifa lipeleke ripoti bungeni kila mwaka kuhusu usalama wa nchi, na kwamba jeshi kwenda nje kunahitaji idhini ya Bunge. Mbunge wako akija matanga wiki hii, muulize kama aliisoma ripoti ya mwaka jana, na muulize mbele ya watu.