Kabla ya Rangi, Tafuteni Paa

Wiki iliyopita kijana wa Voi ameniandikia. Yeye na wenzake wameliona behewa la mbao linaoza kwenye reli ya pembeni, wanataka kulihifadhi, na swali lao ni moja: mfadhili anapatikana wapi?

Ndugu yangu, mfadhili huja, tena na wapiga picha. Sisi nasi tunahifadhi behewa, na kampuni moja ilitujia na ndoo za rangi na fulana mpya. Walipaka juu ya kutu. Walipaka hadi matundu ya kutilia mafuta ekseli, na kibao cha shaba chenye namba. Tulikwangua kwa bisu na matambara ya mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Mabati ya paa tuliyoomba? Hayakuwa kwenye bajeti. Kalenda yao yenye behewa letu nimeiona benki, na roho bado inaniuma.

Kwa hiyo paa kwanza, hata la turubai. Mvua haisubiri harambee. Sisi tulichanga mia mbili mia mbili kila mwezi, na ndizo zilizotuezekea.

Halafu wazee. Garratt za daraja la 59, zile injini kubwa za mvuke za treni, zilitoka Manchester 1955 na 1956, jumla 34, kila moja na tani zake 252 na jina la mlima. Leo zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Waliozihudumia nao wanapungua. Vijana wa kujitolea hufurika Jumamosi ya kwanza, wakishapiga selfi huwaoni tena. Mzee wetu, fundi mstaafu wa karakana, haachi kuja, kwa sababu kila Ijumaa tunamtumia nauli kwa M-Pesa na chapati anazikuta. Hugonga gurudumu kwa nyundo akatega sikio: zima hulia kwa muda, lenye ufa hukata sauti papo hapo. Hilo hamtafundishwa na mfadhili. Mtu anayejitolea naye anakula, jamani! Muwe na aibu kumwita mzee bila nauli.

Na barua ya ruhusa mnayo? Behewa ni mali ya shirika la reli hata likiota majani. Yetu ina mhuri, na ndiyo iliyomgeuza mwenye lori la chuma chakavu siku alipotufikia na mtungi wake wa gesi ya kukatia.