Mashine kuukuu ya kukata nyasi ikigoma kuwaka, fuata petroli kuanzia kifunikoni

Kabla hujaagiza kabureta mpya (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), fungua kifuniko cha tangi unuse. Petroli nzima hupiga pua kwa ukali. Iliyolala inanuka uzito fulani kama vanishi ya fenicha, na ukiimimina kwenye chupa nyeupe utaiona imekuwa na rangi ya chai. Huku Iowa, Marekani, tunakoishi, mashine za kukata nyasi zinalala stoo tangu baridi inapoanza hadi Aprili, na mwenye mashine akishaifunikia turubai haikumbuki tena mpaka nyasi zimfike magotini. Ndiyo maana kila masika napigiwa simu na watu wale wale: stata inazunguka vizuri, betri ina nguvu, mashine haiwaki.

Nazungumzia zile mashine za kukalia, za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, injini ya silinda moja na kabureta. Wengi wetu tumezinunua mitumba kwa watu wanaohama. Ni vyuma vya kweli, na shida zake nyingi za mafuta zinatengenezeka kwa spana, plaizi na uvumilivu. Tatizo ni kwamba watu wanaanzia mwisho. Mtu anasikia "mafuta hayafiki", anakimbilia kabureta, anaibadilisha, na mashine inazima vile vile kwa sababu ugonjwa ulikuwa tangini.

Kwanza hakikisha kweli ni mafuta. Piga stata kidogo, fungua plagi, itazame ncha yake. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, nenda kaangalie moto, yaani cheche ya plagi. Ikiwa kavu, endelea kusoma. Njia nyingine: toa filta ya hewa, puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo tu kwenye mdomo wa kabureta, kisha piga stata. Ikiwaka sekunde mbili ikafa, moto upo na hewa ipo, kinachokosekana ni petroli. Kazi hii ifanyie nje, injini ikiwa imepoa, na mwenye sigara akae mbali.

Sasa anzia kifunikoni. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia, maana petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Tundu likizibwa na vumbi na nyasi, mashine itawaka vizuri, itafanya kazi dakika kumi au ishirini, halafu itakohoa na kuzima. Ukiiacha ipumzike inawaka tena, na hapo ndipo mtu anaanza kusema injini "inachoka". Jirani yangu mmoja, Mkongo wa Lubumbashi anayekata nyasi za watu mwishoni mwa wiki, alinijia na ugonjwa huo huo. "Yaya, mashini iko nazimika yenyewe," akaniambia (kwao "yaya" ni kaka au dada mkubwa), na gereji moja ilikuwa imeshamwandikia bei ya kabureta. Nikamwambia ikizima tena asiguse kitu kingine, alegeze kifuniko tu na asikilize. Aliponipigia simu alikuwa anacheka: kifuniko kilivuta hewa kwa mlio, fyuuu, na mashine ikawaka papo hapo. Alilipia bei ya kifuniko.

Kifuniko kikiwa sawa, shuka na mpira wa mafuta. Mpira wa zamani unadanganya sana. Kwa nje unaonekana mzima, kumbe ndani umechanika tabaka, na kile kipande kilichobanduka kinajifunga kama mlango kila petroli inapovutwa. Ukiuminya ukawa mgumu kama plastiki, au mlaini na wa kunata, badilisha wote. Ni rahisi kuliko kuusafisha. Nunua unaohimili petroli yenye ethanoli, na vibanio vyake vipya. Filta nayo ibadilishe hapo hapo, ukiangalia mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye injini. Usiweke filta ya gari. Gari lina pampu inayosukuma kwa nguvu. Hapa mafuta mara nyingi yanashuka kwa uzito wake au yanavutwa na kipampu dhaifu, kwa hiyo filta nzito itayazuia.

Kipampu chenyewe watu wengi hawajui kama kipo. Kama tangi liko chini ya kiti au nyuma, na kabureta iko juu zaidi, lazima kuna pampu ndogo ya plastiki karibu na injini. Haitumii umeme. Inaendeshwa na msukumo wa hewa unaotoka ndani ya injini pistoni inapopanda na kushuka, kupitia kimpira kingine kisichobeba petroli. Kimpira hicho kikipasuka hata ufa wa unywele, pampu inakaa kimya. Kuipima: chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uutie ndani ya chupa, toa waya wa plagi na uubane kwenye chuma cha injini mbali na chupa, kisha mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa kurukaruka, pu, pu, pu. Isipotoka na tangi halijaziba, kagua kile kimpira cha hewa kabla hujaitupa pampu.

Petroli ikifika hadi hapo, sasa ndiyo tuiongelee kabureta. Tazama chini ya bakuli lake, kile kikombe cha chini kinachokaa petroli. Kama kuna kitu mfano wa boliti nene chenye waya, hiyo ni solenoidi. Kazi yake ni kuvuta pini ndogo na kufungua njia ya petroli unapowasha swichi na kuifunga unapozima. Washa swichi bila kupiga stata: unapaswa kusikia "tik". Usiposikia, pima kama umeme unafika kwenye waya wake, volti 12. Betri iliyochoka inaweza kuzungusha stata na bado isitoshe kuivuta ile pini. Kuna mafundi wanaoikata pini ili wasisumbuliwe tena. Mimi siungi mkono. Ukizima injini itakuwa inalipua bomba la moshi kama bunduki, na majirani wa huku hawana utani na milio hiyo.

Fungua bakuli polepole, ukitega kikombe cha kioo chini. Ukiona matone yametengana na petroli na kutulia chini yakibingirika kama zebaki, hayo ni maji. Iowa ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa kutengeneza ethanoli, kwa mahindi yake, na petroli ya kawaida huku ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inanyonya unyevu wa hewa. Ikikaa miezi, inajitenga na petroli na kushuka chini pamoja na maji, na huko chini ndiko kabureta inakokunywa. Asilimia 10 mashine zetu zinaivumilia ikiwa mbichi. Lakini angalia pampu ya kituoni yenye kibandiko cha 88. Hiyo ina asilimia 15, na kwa sheria za Marekani hairuhusiwi kwenye mashine za nyasi kabisa. Ni ya magari ya kuanzia mwaka 2001. Tangu 2026 vituo vingi vya jimbo hili vinatakiwa kuiuza, na bei yake kwa kawaida ni nafuu, kwa hiyo mkono utakwenda huko wenyewe.

Kisha jeti. Ni kipande cha shaba nyeupe au njano chenye kitundu kidogo katikati. Kiinue juu ya mwanga. Ukiona duara safi, sawa. Ukiona mwezi mwandamo, kimeziba nusu, na ndiyo sababu injini inapanda na kushuka mlio, au inakubali kukimbia choki (kile kizibo cha kupunguza hewa) ikiwa imevutwa tu. Nyuzi moja ya waya wa umeme inatosha kukisafishia, pamoja na dawa na upepo wa kompresa. Usitumie msumari wala kekee: ukikipanua kitundu, injini itakunywa petroli kupita kiasi na moshi mweusi utakushitaki. Kama shaba imeliwa na ina unga wa kijani, hapo sina ubishi, kanunue kabureta.

Shida ya upande wa pili ndiyo ninayoiogopa zaidi: petroli kuzidi. Sindano inayofunga njia ya petroli pale boya linaloelea ndani ya bakuli likipanda, ikishindwa kukaa sawasawa, petroli inaendelea kushuka usiku kucha hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda na kikanuka petroli, usipige stata hata kidogo. Silinda inaweza kuwa imejaa na ikapinda koneti (fimbo inayoshika pistoni), na oili iliyoyeyuka haikingi chuma. Badilisha sindano na oili, toa plagi, zungusha injini ikiwa haina plagi ili iteme kilichomo, ndipo uiwashe.

Kwa tangi lililo juu ya kabureta, nashauri kufunga koki ndogo kwenye mpira kabla ya filta. Bei yake haizidi ya chakula cha mchana. Ifunge kila unapoegesha, na vuli ikiingia, kabla ya baridi, ifunge koki wakati injini inakimbia, uiache inywe kilichobaki kwenye bakuli mpaka izime yenyewe. Tangi lenyewe ama lijaze petroli mbichi yenye dawa ya kuitunza, ama likaushe kabisa.