Afisa masoko aanzie wapi kujifunza akili mnemba?

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe, afisa masoko wa miaka mingi, unapaswa kwanza kujifunza kuandika programu za kompyuta ili akili mnemba isikuache nyuma. Kwa maoni yangu, hapana. Anza na kazi unayoifanya kila wiki.

Chukua tangazo ulilokwisha kuliandika, kisha uieleze programu ya akili mnemba kama ChatGPT au Gemini bidhaa ni ipi, mnunuzi ni nani, bei ni kiasi gani na lugha iwe ya namna gani, ukiipa pia mifano ya matangazo yenu yaliyofanya vizuri, halafu ulinganishe jibu lake na lako. Utagundua upesi kwamba ombi la jumla huzaa maneno matupu, na kwamba Kiswahili chake mara nyingi kina harufu ya tafsiri, jambo ambalo mteja wa Kariakoo hulitambua papo hapo. Hariri bila huruma. Kila takwimu na kila ahadi uihakiki mwenyewe, kwa sababu mifumo hii huunda sentensi kwa kukadiria neno linalofuata, nayo huweza kukosea kwa ufasaha mkubwa.

Ninalokusihi zaidi ni kutopakia kwenye mifumo hii majina wala namba za simu za wateja, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Futa kwanza majina na namba hizo, ubakize tarehe, mkoa na mauzo, kisha uombe msaada wa fomula za Excel za kuchambua taarifa zilizobaki.