Maswali ya Wasomaji: Laida Juu ya Gari

Barua za mwezi huu zimehusu laida, chombo kinachopima umbali kwa kurusha mapigo ya leza na kuhesabu muda yanaouchukua kwenda na kurudi. Nimechagua nne. Walioziandika wote wanatumia kihisi cha aina moja, Velodyne VLP-16, kwa hiyo takwimu nitakazotaja ni za chombo hicho. Mwenye kihisi kingine afuate vipimo vilivyomo katika kitabu cha chombo chake.

Ndugu Mtaalamu, pokea salamu zangu. Mimi ni mpima ardhi. Tumefunga laida kwenye keria ya pikapu ili tupime barabara pamoja na mitaro yake. Tumeisimamisha wima kabisa na kuihakiki kwa pima maji. Ajabu ni kwamba barabara iliyo karibu na gari haionekani, na tukiunganisha data ya kwenda na ya kurudi, kila nguzo ya umeme inatokea mara mbili. Je, tumeuziwa chombo kibovu?
*Mpima ardhi, Dodoma*

Ndugu yangu, chombo chako ni kizima, na matatizo yote mawili yanatokana na jinsi kilivyofungwa.

Kihisi hiki hurusha miale 16 huku sehemu yake ya ndani ikizunguka. Wa juu kabisa hupanda digrii 15 kutoka usawa wa chombo, na wa chini kabisa hushuka digrii 15. Ikiwa kioo chake kipo mita 2 kutoka ardhini na chombo kimesimama wima, mwale wa chini kabisa huigusa barabara takriban mita 7.5 kutoka kilipo kihisi. Sehemu ya mtaro iliyo mita 3 ubavuni mwa gari, nao mtaro ndio mliotumwa kuupima, haiguswi hata na mwale mmoja. Tena miale hiyo imeachana kwa digrii 2, maana yake ni kwamba ukutani, mita 50 kutoka kwenye gari, kati ya mstari mmoja wa nukta na mwingine kuna pengo la mita 1.75. Kusimama wima kunaifaa roboti inayotafuta vizuizi pande zote. Anayepima barabara anapaswa kukifunga kihisi nyuma ya keria na kukilaza kichwa kielekee nyuma, ili kila mzunguko uikate barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi hutumia mlalo wa kati ya digrii 30 na 45, na gari lenyewe, kwa kusonga mbele, hujaza mapengo.

Sasa nguzo mbili. Kihisi hujua umbali na pembe kutoka pale kilipo chenyewe tu, wala hakijui gari liko wapi wala limeelekea wapi. Hayo huyapata kwa GPS na kwa kifaa kinachopima mwelekeo na mtikisiko wa gari, na programu ndiyo inayoviunganisha, ikitegemea namba ulizoiandikia: kihisi kipo sentimita ngapi kutoka kwenye kifaa hicho, na kimegeuka digrii ngapi. Ukikosea digrii 1 tu, kitu kilichopo mita 50 kitahama kwa sentimita 87. Ukienda, nguzo iliyo mbele ya gari inasogea upande mmoja. Ukirudi, gari limegeuka na kosa nalo limegeuka, hivyo nguzo inasogea upande wa pili. Hapo ndipo pacha wake anapozaliwa. Pima maji haiwezi kuliona kosa hilo, hasa likiwa la kugeuka kushoto au kulia.

Tafuteni mtaa ulionyooka wenye jengo la kona kali, mpite mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, kisha mrekebishe pembe katika programu hadi kuta za safari zote zilaliane. Lakini kabla ya kugusa pembe, hakikisheni saa. Kihisi kinahitaji kupokea kutoka GPS pigo moja kila sekunde pamoja na ujumbe wa saa unaofuatana nalo. Gari likienda kilomita 36 kwa saa linapita mita 10 kila sekunde, kwa hiyo saa ikichelewa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, nguzo itahama kwa sentimita 10. Makosa haya mawili mtayatenganisha hivi: la pembe hukua kadiri kitu kinavyokuwa mbali, na la saa hukua kadiri gari linavyokwenda kasi. Piteni mara moja polepole na mara moja kwa kasi, kisha mlinganishe.

Neno la mwisho ni kuhusu bolti. Kihisi hushikwa chini kwa bolti ya robo inchi, yenye nyuzi kama za tripodi ya kamera. Kifungwe juu ya bamba nene la alumini, ambalo halipindi na husaidia kuondoa joto, na vile vijipini vya kukizuia kisizunguke visiachwe. Mimi niliwahi kuviacha kwa haraka ya asubuhi, kwenye barabara ya changarawe. Kihisi kiligeuka kidogo kidogo njiani, na kwa kuwa sikujua kiligeuka saa ngapi, hakuna hesabu ambayo ingeiokoa kazi ile. Tulirudia siku mbili nzima. Tangu hapo huchora mstari wa rangi unaopita juu ya kitako cha kihisi na bamba kwa pamoja, na kila tunaposimama mtu hushuka kuutazama. Mstari ukivunjika, data yote tangu kituo cha nyuma haiaminiki.

Mtaalamu, kihisi chetu kinazunguka, nakisikia, lakini kwenye kompyuta mpakato hakuna nukta hata moja.
*Fundi, Mombasa*

Mara nyingi tatizo huwa kwenye kompyuta. Kihisi hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.201, kwa hiyo ipe kompyuta anwani isiyobadilika ya familia hiyo, kama 192.168.1.100, na uzime Wi-Fi wakati wa kujaribu. Kisha ruhusu programu yako kwenye kinga ya Windows, ambayo huzuia data inayoingia kwenye lango namba 2368. Ikishindikana, kagua umeme: kisanduku cha viunganishi kinataka volti 9 hadi 18. Betri ya gari dogo inatosha, lakini lori la volti 24 linahitaji kipunguza volti. Kisanduku hicho kifungeni ndani ya gari, mbali na maji.

Shikamoo Mtaalamu. Tunafanya kazi kwenye vumbi jekundu na kijana wetu hukisafisha kioo kila jioni kwa kitambaa kikavu. Sasa naona michirizi. Tufanyeje?
*Msimamizi wa kazi, Singida*

Marahaba. Mzuieni kijana leo hii. Vumbi lile lina chembe za mchanga, na kitambaa kikavu kinazisaga juu ya kioo kama msasa. Mchirizi hauondoki, na kila mwale unaopita hapo hutawanyika, hivyo vitu vya mbali na vyeusi ndivyo huanza kupotea.

Chukueni chupa ya kupuliza yenye maji safi ya uvuguvugu, mpulize hadi vumbi literemke lenyewe bila kuguswa. Kisha pulizeni maji yenye sabuni kidogo, mpanguse taratibu kwa kitambaa cha maikrofaiba, mkifuata mviringo wa kioo na si kutoka juu kwenda chini. Suuzeni, mkaushe kwa kitambaa kingine kisafi. Shati, karatasi ya chooni na mashine ya kuoshea magari visikikaribie.

Vumbi la hewani nalo lina dawa yake. Wekeni kihisi katika hali ya kupokea marejeo mawili ya kila pigo la leza, yaani nuru inayorudi kwenye kihisi: rejeo lenye nguvu zaidi na la mwisho. Sehemu ya mwale ikigonga wingu la vumbi na sehemu nyingine ikafika barabarani, mtapata zote mbili na kuchagua ofisini. Wingu likiwa zito mno, subirini lishuke. Hakuna programu inayorudisha mwale ambao haukufika.

Watoto hukimbilia gari letu na kukodolea macho kihisi. Je, leza hii haiwadhuru? Na je, naweza kukifungua kihisi mwenyewe, maana kimeanza kuunguruma?
*Msomaji, Kisumu*

Leza hii ina urefu wa wimbi wa takriban nanomita 903, usioonekana kwa macho, na imewekwa katika daraja la 1 la usalama, yaani haidhuru jicho katika matumizi ya kawaida. Hata hivyo, watoto wasiachwe wasogelee gari linalotembea. Magurudumu ndiyo hatari yao.

Usikifungue. Ndani hamna kipuri unachoweza kubadilisha, na ukivunja mfuniko wake maji na vumbi vitapata njia, na vipimo vya pembe za miale vilivyofanywa kiwandani havitakuwa na thamani tena. Andika namba yake, rekodi mngurumo huo kwa simu pamoja na dakika chache za data, kisha uvipeleke kwa muuzaji. Velodyne iliungana na Ouster mwezi Februari 2023, kwa hiyo usishangae ukijibiwa kwa jina hilo la pili.