Nyumbu, Mchwa na Hewa Tunayovuta

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, binadamu ndiye kiumbe pekee anayebadilisha mazingira?" Jibu langu ni hapana. Tena nakwenda mbali zaidi: sehemu kubwa ya hicho tunachokiita mazingira ni kazi ya viumbe wenyewe, walio hai na waliokwisha kufa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mazingira hutangulia, kisha kiumbe huja akayazoea au akafa. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kiumbe akishaishi mahali, mahali pale hapabaki kama palivyokuwa.

Kuna kisiwa ambacho jambo hili limefuatiliwa tangu kilipozaliwa. Novemba 1963 volkano ililipuka chini ya bahari kusini mwa Iceland, na kisiwa kipya kikajitokeza, kikapewa jina la Surtsey. Mlipuko ulikoma Juni 1967, na tangu mwanzo kisiwa kimelindwa ili wanasayansi waangalie uhai unavyoingia. Mbegu zilifika kwa maji na upepo, lakini kwa takribani miaka 20 mimea ilihangaika, maana majivu na lava havina naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea haiwezi kukua bila hicho, ya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980 shakwe wakaanza kuzaliana kwa wingi upande mmoja wa kisiwa. Walileta kinyesi, mabaki ya samaki na mbegu. Upande huo ukaota majani mazito, udongo ukajijenga, wadudu wakaongezeka. Nje ya eneo la viota mvua ni ileile na lava ni ileile, lakini mimea ni haba. Kilichotofautisha pande hizo mbili ni ndege.

Udongo nao una mafundi wake. Mwaka 1842 Charles Darwin alitawanya vipande vya chaki juu ya uwanja wa malisho karibu na nyumba yake huko Uingereza, akaviacha. Mwaka 1871 akachimba mtaro, akaikuta chaki ile imekuwa mstari mweupe kiasi cha sentimita 18 chini ya majani. Hakuna mtu aliyeifukia. Nyungunyungu walikuwa wakila udongo wa chini na kuutoa juu, kidogo kidogo kwa miaka 29, mpaka chaki ikazama. Mchwa hufanya makubwa kuliko hayo. Kaskazini mashariki mwa Brazili kuna vichuguu vipatavyo milioni 200, vyenye kimo cha mita 2.5 hivi, vilivyotapakaa katika eneo linalokaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza. Vyote ni udongo uliotupwa nje na mchwa walipokuwa wakichimba njia zao, na vya zamani kabisa vina karibu miaka 4,000. Mtu asiyejua angedhani ndivyo ardhi ya huko ilivyoumbwa.

Linalonisisimua kuliko yote, hata hivyo, ni hewa. Dunia ya mwanzo haikuwa na oksijeni huru angani. Kisha wakatokea bakteria wadogo wa majini, sainobakteria, waliojifunza kutumia mwanga wa jua kupasua maji na kupata chakula, na oksijeni ikawa taka yao. Kwa muda mrefu taka hiyo haikufika mbali, kwa kuwa bahari ilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka. Oksijeni ilikutana na chuma, kikashika kutu na kutuama chini, tabaka juu ya tabaka. Sehemu kubwa ya chuma tunachochimba leo hutoka katika miamba iliyojengwa na mashapo ya namna hiyo. Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kujikusanya angani. Kwa viumbe wengi wa wakati ule ilikuwa sumu, na jamaa zao waliosalia bado wamejificha kwenye matope na ndani ya matumbo ya wanyama, mahali isikofika. Ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua imetokana na oksijeni hiyohiyo. Leo oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, na ingekwisha kama mimea na vijimea vya baharini visingeendelea kuitengeneza. Ninapovuta pumzi navuta taka ya bakteria, na naona ni jambo la kushukuru.

Naomba nafasi zaidi kwa Serengeti, kwa sababu pale mambo yalitokea mbele ya macho ya watu. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Kwa miongo mingi baadaye ndama wa nyumbu waliendelea kufa, kwani virusi vilikuwa vikiwafikia kutoka kwa ng'ombe. Wataalamu wa mifugo wakawachanja ng'ombe waliokuwa kandokando ya hifadhi. Hakuna nyumbu aliyedungwa sindano, lakini ugonjwa ukawatoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa takribani 250,000; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.3.

Midomo yote hiyo ilihitaji kula. Nyasi ndefu zilizokuwa zikikauka na kuwaka kila kiangazi zikaliwa kabla hazijakauka, na maeneo yaliyoungua yakapungua mwaka hadi mwaka. Miche ya miti iliyokuwa ikiteketea ingali midogo ikapata nafasi ya kuvuka kimo cha moto. Miti ikaongezeka, na kaboni iliyokuwa ikipaa na moshi ikabaki katika miti na udongo. Fuateni mnyororo huo: chanjo ya ng'ombe, uhai wa ndama wa nyumbu, urefu wa nyasi, moto, miti. Mtu aliyefika pale mwaka 1955 akitaka kueleza kwa nini miti ni michache angeweza kutaja mvua na udongo, asikumbuke kabisa kirusi. Ndiyo maana napata wasiwasi nikisikia mnyama fulani akisemwa kuwa hana faida, eti akitoweka hakuna kitakachobadilika. Mara nyingi hatujui anashikilia nini mpaka aondoke.

Najua baadhi ya wasomaji watasema: basi, kama kila kiumbe hubadilisha mazingira, binadamu analaumiwa kwa lipi? Hoja hiyo siikubali. Sainobakteria walichukua mamilioni mengi ya miaka kuibadilisha anga, na walio wengi wa viumbe waliofuata walipata muda wa kubadilika pamoja nayo. Sisi tumeipandisha hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto la dunia, kutoka sehemu 280 hivi katika kila milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, ndani ya karne mbili na nusu tu. Msitu hauwezi kuhama kwa kasi hiyo, na matumbawe hayawezi. Isitoshe, bakteria hakuwa na namna ya kujua alitendalo. Sisi tunapima hewa hiyo mlimani Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958.

Lakini uwezo huohuo wa kujua unaweza kutumika vizuri. Amerika Kaskazini kuna mnyama aitwaye biva, mguguna mkubwa anayeangusha miti kwa meno na kujenga mabwawa kwenye vijito. Waliwindwa mno kwa ajili ya manyoya yao, na mabwawa yalipobomoka bila wa kuyakarabati, vijito vingi vilichimba chini na kuacha bonde likiwa kavu pande zote mbili. Katika kijito cha Bridge Creek, jimboni Oregon, watafiti walipigilia safu za nguzo za miti ndani ya maji ili ziwe kianzio, na biva waliokuwapo wakazipokea, wakaziba kwa matawi na tope, wakaendeleza ujenzi wenyewe. Maji ya ardhini yakapanda, na samaki wachanga waliokulia humo wakaongezeka.