Ukienda Bustani Yenye Ziwa, Usiwe na Haraka ya Kutoka

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji wangu ameniandikia. Alikwenda kwenye bustani ya umma yenye ziwa, akalizunguka lote, akapiga picha zake, akarudi nyumbani akijiuliza sisi wengine tunafuata nini kule. "Maji ni maji tu," ndivyo alivyomalizia. Ujumbe ule umenigusa penye kidonda, maana maneno hayohayo niliwahi kuambiwa na mtu wa damu yangu, tena wakati mbaya.

Kazi yangu ilikuwa imesitishwa. Wengi yakiwafika hayo hujifungia ndani. Mimi nilikuwa naamka alfajiri, navaa viatu, naelekea ziwani. Ndugu yangu yule akawatangazia wenzake kwamba siku hizi nazurura bustanini kutwa nikikodolea macho bata. Sikumjibu. Leo najibu. Ile njia ya kuzunguka ziwa ndiyo iliyoniweka sawa. Usingizi ulirudi. Nikaacha kumkaripia kila mtu nyumbani. Barua za kuomba kazi nilizitunga kichwani huku natembea, na mojawapo ndiyo iliyonipatia kazi niliyo nayo sasa. Najivunia hilo na sitaacha kulisema.

Sasa, dada yangu, ulifika saa ngapi? Nina hakika ilikuwa mchana, watu wamejaa na jua linapiga machoni. Nenda alfajiri. Wakati huo ardhi haijapata joto, upepo mara nyingi umelala, na maji yametulia kiasi kwamba samaki akigusa uso wake tu unaona duara linavyotanuka. Kwenye ziwa lenye mimea mingi utawaona samaki wamepanda juu wanahema, kwa kuwa usiku mimea haitengenezi oksijeni, na kufikia alfajiri iliyobaki majini ni kidogo. Ndege nao hawalali saa hizo. Nimewahi kusimama hatua chache tu kutoka kwa mdiria aliyekuwa kwenye tawi lililoinamia maji. Alijitosa, akaibuka na samaki mdogo mdomoni, akarudi palepale na kuanza kumgonga kwenye tawi, kushoto, kulia, kushoto, mpaka samaki akalegea. Kisha akamgeuza ili kichwa kitangulie, mapezi yasije yakamkwaruza koo, ndipo akammeza. Watu watatu walinipita wakati huo wakikimbia na vifaa vya muziki masikioni. Hakuna aliyegeuza shingo.

Halafu tafuta maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Maziwa mengi ya bustani yametengenezwa na watu. Serpentine lililoko Hyde Park, London, lilianza kutengenezwa mwaka 1730 kwa agizo la Malkia Caroline, kwa kuuzuia mto Westbourne. Ziwa la Central Park kule New York lilitengenezwa mahali palipokuwa kinamasi. Ziwa la namna hiyo huwa na upande wa ukuta, wenye kina na benchi nzuri, na hapo ndipo watu wote hukaa. Lakini kama kuna kijito kinacholilisha, uhai uko upande wake: kina kifupi, tope, matete, na korongo aliyesimama kwa mguu mmoja akisubiri. Wewe ulipita pale bila kusimama, kwa sababu hapakuwa na benchi. Simama. Nasema tena, usiwe na haraka.

Mkate uache nyumbani. Najua watoto wanapenda kuwarushia bata, lakini mkate huwashibisha bila kuwalisha, na unaobaki huozea majini na kurutubisha mwani. Na ukikuta maji yamefunikwa na utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, usiyaguse na mbwa wako asiyanywe. Baadhi ya viumbe vinavyofanya utando huo hutoa sumu inayoweza kuua mbwa. Hili halina mjadala. Mkamate mbwa wako hata kama wenye mbwa wengine wanakucheka. Mimi nimechekwa sana pale ziwani, na niliendelea kwenda.

Kuhusu njia zenyewe, vaa viatu ambavyo huoni uchungu vikichafuka. Mvua ikinyesha, watu huogopa dimbwi lililo katikati ya njia na kupita pembeni juu ya nyasi. Kesho mwingine anapita pembeni zaidi, na baada ya msimu mmoja njia ya watu wawili imekuwa uwanja wa tope, mizizi ya miti iko nje na udongo unateremkia ziwani. Pita katikati ya dimbwi, dada yangu, taratibu, ukitanguliza kisigino. Viatu utavifua.