Kuondoa Programu Sugu Bila Kuiharibu Windows

Programu sugu ninazozizungumzia hapa si virusi. Ni zile programu za huduma ambazo ziliingia kwenye kompyuta kwa ridhaa ya mtu fulani, wakati fulani: antivairasi ya majaribio iliyokuja na kompyuta mpya na muda wake ukaisha, programu inayojinadi kwamba itaisafisha Windows na kuipa kasi, nyingine inayodai kutafuta draiva mpya (draiva ni programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa au kazi fulani), au VPN, yaani programu ya kupitisha mtandao kwa njia ya siri, ambayo mwenyewe aliacha kuitumia zamani. Ukibonyeza kuiondoa inakataa, au inasema imeondoka kisha kesho yake unaikuta kwenye kona ya skrini ikidai malipo. Nimekuwa fundi wa kompyuta kwa miaka mingi, na nataka niseme wazi jambo ambalo ningependa kila mwenye kompyuta alijue: mashine nyingi ninazoletewa zikiwa haziwaki au zimepoteza mtandao hazikuharibiwa na programu hizo zilipokuwa zikifanya kazi. Ziliharibika siku mwenyewe alipochoka nazo, akalifuta folda lake kwa nguvu.

Programu ya kawaida, kama ile ya kuchezea muziki, huwa ni folda moja au mawili, mistari kadhaa kwenye rejista ya Windows (daftari ambamo Windows huandika mipangilio yake), na njia ya mkato kwenye skrini, kwa hiyo hata ukiifuta vibaya hasara yake ni ndogo. Antivairasi na jamaa zake haziko hivyo. Zinahitaji kusimama kati ya faili na kila kinachotaka kulifungua, kati ya kadi ya mtandao na kila programu inayotuma data, na kwa sababu hiyo huweka draiva zinazofanya kazi ndani ya kiini cha Windows, yaani sehemu yake ya ndani kabisa inayoendesha mengine yote, huduma zinazowaka kabla hujaingiza nywila, na kazi zilizopangiwa saa ambazo huzirudisha sehemu zilizozimwa. Juu ya hayo zina kinga ya kujilinda, iliyowekwa kwa nia njema ili virusi visije vikazizima, lakini kinga hiyo haimtofautishi mwizi na mwenye nyumba.

Dunia nzima iliona nguvu ya draiva hizo za kiini tarehe 19 Julai 2024, pale faili moja lenye kasoro katika sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Windows yenyewe ilikuwa nzima. Ilikwama kwa sababu draiva iliyopachikwa kwenye kiini chake ilisoma data mbovu. Kiini hicho hukwama vilevile kikiambiwa kipakie draiva muhimu halafu faili lake lisionekane, na hilo ndilo tunaloweza kulisababisha wenyewe kwa kufuta ovyo. Kanuni ninayofanyia kazi inatokana na hapo: fungua kwanza kiungo kinachoifunga programu kwenye Windows, ndipo ulifute faili.

Nitoe mfano mmoja kwa kina, kwa sababu aliyeuelewa huu ameelewa karibu kila kitu. Mwanafunzi mmoja aliniletea kompyuta ya mkononi ambayo kibodi yake ilikuwa imekufa kabisa. Tachipadi ilifanya kazi, lakini hata kibodi ya USB ya kuchomeka haikuandika herufi. Alikuwa na programu ya kulinda kinachoandikwa kisidukuliwe, ikagoma kuondoka, naye akaifuta pamoja na faili lake la draiva. Kwenye Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, kibodi ilikuwa na alama ya njano na msimbo 39, maana yake Windows imeshindwa kupakia draiva ya kifaa hicho. Nilitumia kibodi ya skrini kuingiza nywila, nikafungua rejista hadi kwenye kundi la kibodi, na pale, katika thamani inayoitwa UpperFilters, ambayo ni orodha ya draiva ambazo kila herufi hupitia, palikuwa na mistari miwili: kbdclass, ambayo ni ya Windows yenyewe, na chini yake jina la draiva ya ile programu iliyofutwa. Windows ilikuwa bado inatii agizo la kupitisha kila herufi kwa mlinzi ambaye hayupo tena. Niliufuta mstari huo wa pili peke yake, nikaiwasha upya, na kibodi ikarudi.

Angalia vizuri kilichobaki pale. Mtandaoni kuna ushauri mwingi unaosema ufute UpperFilters yote. Ushauri huo ulianza kwa ajili ya viendeshi vya CD, na huko mara nyingi hauna madhara. Ukiufanyia kibodi, utakuwa umeiondoa kbdclass na umeiua kibodi kwa mkono wako. Ukiufanyia kundi la diski, ambako mstari wa Windows ni partmgr, kompyuta haitawaka kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia ufute thamani nzima bila kukuuliza kwanza ndani yake mmeandikwa nini, usimsikilize.

Kabla ya kugusa chochote, nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje. Kisha tengeneza sehemu ya kurejesha mfumo (restore point), yaani picha ya mipangilio ya Windows unayoweza kuirudia mambo yakiharibika, na uhakikishe kweli imetengenezwa, maana kwenye kompyuta nyingi huduma hiyo imezimwa tangu mwanzo na mwenyewe hana habari. Tafuta pia ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuisimba diski, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za kisasa zinasimba diski bila mwenyewe kujua, na ukianza kuingia kwenye menyu za urejeshaji zinaweza kukuomba ufunguo huo hapohapo. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia mara ya kwanza, kwa hiyo uandike kwenye karatasi. Mwisho, pakua mapema kila chombo utakachohitaji. Antivairasi ikiondoka vibaya inaweza kuondoka na mtandao, na hapo hutakuwa na njia ya kupakua kitu.

Sasa anza na mlango wa mbele. Fungua programu yenyewe, uzime kinga yake ya kujilinda kwenye mipangilio, uifunge, kisha uiondoe kupitia orodha ya programu kwenye Settings. Ikimaliza, washa kompyuta upya hata kama haikukuomba, kwa kuwa faili zilizokuwa zinatumika hupangwa kufutwa wakati wa kuwaka tu. Watu wengi huruka hatua hii, wakaona mabaki, wakadhani programu imegoma, wakaanza kufuta kwa mkono kitu ambacho Windows ilikuwa imeshajipanga kukifuta yenyewe.

Ikigoma kweli, jambo la kujaribu ni lile ambalo wateja wangu hulishangaa kuliko yote: isakinishe tena programu hiyohiyo juu ya ile iliyoharibika, toleo lilelile ukiweza kulipata, kisha uiondoe. Sababu kubwa ya kugoma ni kwamba kiondoaji chake kimepoteza faili au kumbukumbu fulani, na kusakinisha upya huzirudisha. Inauma kuirudisha programu unayoichukia, lakini njia hii ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote zinazofuata, na imeniokolea mashine nyingi.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye chombo cha kuondolea cha mtengenezaji. Kampuni kubwa za antivairasi, kama Norton, McAfee, Avast, Kaspersky na ESET, zote zina chombo cha aina hiyo, na zinakitoa bure, kwa sababu wanajua wenyewe ni draiva zipi walizipachika na wapi. Kipakue kutoka tovuti ya kampuni yenyewe kwa kuandika anwani yake, wala usibonyeze tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji, kwani tangazo hilo huweza kukuletea programu nyingine sugu kuliko ya kwanza. Microsoft nao wana kitatuzi chao cha matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, kinachorekebisha kumbukumbu zilizoharibika kwenye rejista. Ila ukikutana na kile cha zamani kiitwacho Windows Installer CleanUp Utility, ambacho bado kinazunguka kwenye tovuti za upakuaji, kiache. Microsoft walikiondoa mwaka 2010 kwa sababu kilikuwa kikiharibu sehemu nyingine zilizomo kwenye kompyuta.

Kuhusu Safe Mode, hali ya kuiwasha Windows ikiwa na vitu vya lazima tu, wengi huikimbilia kama dawa ya kila ugonjwa. Baadhi ya vyombo vya watengenezaji vinaihitaji kweli, navyo vitakuambia. Lakini huduma ya Windows Installer kwa kawaida haifanyi kazi humo, hivyo programu zilizosakinishwa kwa njia hiyo zitatoa ujumbe kwamba huduma haipatikani, na mtu ataamini kompyuta imeharibika ilhali iko sawa. Ukiihitaji, ingia kwa kushikilia Shift huku ukibonyeza kuwasha upya. Kuingia kwa kuweka alama kwenye msconfig, dirisha la mipangilio ya kuwaka kwa Windows, kuna usumbufu wake, kwa kuwa kompyuta itaendelea kuwaka katika hali hiyo hadi uiondoe alama, na siku ikikataa kukuingiza utakuwa umejifungia nje.

Yakibaki mabaki baada ya yote hayo, tumia Autoruns, chombo cha bure kinachoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows. Ni cha Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2006. Ficha kwanza maingizo yote ya Microsoft ili usije ukayagusa, halafu katika yale yanayobaki ondoa alama ya tiki kwenye yale ya programu husika bila kuyafuta. Washa upya, ukae siku chache ukiitumia kompyuta kama kawaida, na ukiona hakuna kilichoharibika ndipo uyafute. Nawasisitizia sana mafundi vijana tofauti hiyo, kwa sababu tiki iliyoondolewa hurudishwa kwa sekunde moja, lakini ingizo lililofutwa huweza kukugharimu usiku mzima. Kichujio cha mtandao, yaani draiva ambayo programu hiyo iliipachika ili kukagua data ya mtandao, kiondolee kwenye sifa za kadi ya mtandao, kwa kukichagua na kubonyeza kitufe cha kuondoa, ili Windows ikifungue yenyewe. Draiva nyingine zilizobaki ziorodheshe kwenye dirisha la amri kwa amri ya pnputil /enum-drivers, usome jina la mtengenezaji wa kila moja, na uiondoe ile tu unayoitambua kwa yakini.

Kuna vitu viwili ambavyo nakuomba usivifanye kabisa. Usilifute folda la Windows\Installer hata kama limemeza gigabaiti nyingi, maana humo ndimo zimo faili ambazo programu nyingine zote zinazitegemea kujirekebisha na kuondoka. Wala usitumie programu ya kusafisha rejista kufagia mabaki. Microsoft wametamka rasmi kwamba hawaungi mkono matumizi yake, na mistari mia moja iliyobaki kwenye rejista bila kazi haiipunguzii kompyuta kasi ambayo jicho lako litaiona.

Si kila mabaki ni ya kupuuzwa, hata hivyo. Mwaka 2015 iligundulika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa zimeuzwa na programu iitwayo Superfish, iliyokuwa ikipenyeza matangazo hata kwenye kurasa zilizosimbwa kwa kutumia cheti chake yenyewe, yaani hati ya kidijitali inayoifanya kompyuta iamini kwamba tovuti ni ya kweli. Aliyeiondoa programu kwa njia ya kawaida alibaki na cheti kile kwenye Windows, na mshambuliaji angeweza kukitumia kujifanya benki yake. Ilibidi Lenovo watoe chombo maalumu cha kukiondoa. Kwa hiyo programu ikiwa ilikagua kurasa za intaneti, fungua certmgr.msc na certlm.msc, uangalie kwenye orodha ya vyeti vinavyoaminika kama jina lake bado limo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna hali moja inayohitaji njia tofauti kabisa. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Dubai, na baadhi huja na antivairasi ya kampuni ya awali inayodai nywila ya msimamizi kabla ya kuondoka. Usipoteze muda kupigana nayo. Pakua Windows kutoka Microsoft, uitengenezee flashi ya angalau gigabaiti 8, na usakinishe upya kwa kufuta diski nzima. Kama Windows ilikuwa imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali iliyofungamana na mashine hiyo, itajiamilisha tena ikipata intaneti, mradi usakinishe toleo la aina ileile. Lakini baada ya kusakinisha, ikiwa skrini ya kwanza inataja jina la kampuni na kudai akaunti yake, au ikiwa programu ya ufuatiliaji imerudi yenyewe kutoka kwenye BIOS (programu iliyomo kwenye ubao wa kompyuta, isiyofutika kwa kufuta diski), basi mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza. Irudishe kwa muuzaji udai fedha zako, kwa sababu fundi mwaminifu hawezi kukusaidia hapo, na huenda ni mali ya wizi.

Ukimaliza kazi, endesha sfc /scannow, amri inayokagua na kurekebisha faili za Windows, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, kisha ufungue Windows Security na uangalie ni nani anayetajwa kuwa mlinzi wa kompyuta. Antivairasi ya nje ikiondoka vizuri, Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, hujiwasha. Ukiona jina la programu ya zamani bado limeandikwa pale, rudi kwenye chombo cha mtengenezaji kabla hujafanya jambo jingine lolote, kwa sababu Windows inaamini mlinzi yupo, na mpaka jina hilo liondoke kompyuta yako inaweza kuwa haina ulinzi wa aina yoyote.